Jiwe Hili Kwao Ni Wapi?

   Naongea nanyi kutoka hapa hapa Songea, na leo nimeingia studio na mawe mawili mkononi.

Sikilizeni.

(Mzungumzaji anagonga jiwe kwa jiwe.)

Mmesikia? Mlio mkali, mwembamba, kama wa sahani ya udongo inapogongwa na kijiko. Hili ni kwatzi, lile jiwe jeupe tunalolijua sote. Liko njiani, liko shambani, jembe linaligonga kila msimu na tunalilaani. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukichukua mawili usiku, tunajifunika blanketi, tunayasugua kwa nguvu. Mnakumbuka? Yanatoa mwanga hafifu wa manjano, halafu harufu ya kitu kilichoungua. Mama akisikia anatufokea tulale.

Jiwe hilo hilo, wapendwa, ndilo babu zetu wa kale kabisa walilolitumia kuwa kisu. Nasema kale kabisa, na nisieleweke vibaya. Sisemi enzi za Vita vya Majimaji. Sisemi enzi za Wangoni kufika kutoka kusini katika karne ya 19. Nasema watu walioishi kabla chuma hakijajulikana, kabla ya jembe, kabla ya chungu. Wataalamu huita kipindi hicho Zama za Mawe, na huzigawa katika sehemu tatu: za Mwanzo, za Kati na za Mwisho. Leo swali langu ni moja tu, nanyi mlishike kwa sababu nitalirudia: ukiokota zana ya jiwe, utajuaje kwamba jiwe lake limetoka wapi? Kwao ni wapi?

Kwanza tulitazame jiwe lenyewe. Hiki kipande nilicho nacho sikukiokota mahali pa kale, nimekivunja mwenyewe asubuhi kwa nyundo, nyuma ya nyumba. Juu pana kiuso kidogo bapa, ndipo nyundo ilipopiga. Chini ya kiuso hicho pana kivimbe kidogo, ukipitisha kidole gumba unakihisi. Kuanzia kwenye kivimbe, uso wa jiwe unashuka kwa mikunjo midogo, kama maji ya kisima ukidondosha kokoto. Pembeni pana ukingo mwembamba. Nimejaribu kukata nao ganda la muwa, ukakata. Alama hizo, kiuso, kivimbe na mikunjo, ndizo zinazomwonyesha mtaalamu kwamba jiwe limepasuliwa na mkono wa mtu aliyejua anachofanya, halikupasuka kwa jua wala kwa kukanyagwa na ng'ombe. Kwenye kwatzi alama hizo huwa hafifu, lazima uligeuzegeuze kwenye mwanga. Kwenye mawe laini yanayofanana na kioo zinaonekana hata kwa asiyesoma.

Basi alama zinatueleza kwamba mtu amelitengeneza. Lakini hazitwambii alilipata wapi. Na hapo, wapendwa wasikilizaji, ndipo fizikia inapoingia.

Wengi wenu mna ndugu waliopita Tunduru kwenye vito. Mwulizeni dalali mzoefu. Ukimwekea kito mezani atakigeuza, atakielekeza kwenye mwanga, atakwambia hiki cha Muhuwesi, hiki si cha huku. Amejuaje? Kwa rangi, kwa kung'aa, kwa uchafu mdogo ulio ndani. Miaka yake ya kutazama vito ndiyo mizani yake. Sasa, jicho la dalali lina mwisho. Kwatzi jeupe la kilima hiki na kwatzi jeupe la kilima kile, jicho litaona weupe tu. Tunahitaji jicho linaloona ndani zaidi, ndani mpaka kwenye atomu.

Fikiria uji. Nyumba mbili zimepika uji wa unga ule ule wa mahindi. Kwa macho ni mamoja. Lakini nyumba moja imetia chumvi kidogo, nyingine imekamulia ndimu. Kinachotofautisha uji huo si unga, maana unga ni mwingi na ni ule ule. Kinachotofautisha ni kile kidogo. Na mawe ni hivyo hivyo. Unga wa jiwe, tuseme hivyo, ni silika, nayo imo kwenye mawe mengi mno. Lakini mwamba ulipokuwa ukijiunda chini ya ardhi ulinasa vitu vidogo vidogo vya mahali pake: chuma kidogo, na vingine vyenye majina mageni kama rubidi, stronti na zirkoni. Vidogo kiasi cha chembe chache katika milioni. Hivyo vidogo ndivyo vitambulisho vya jiwe.

Tunavisomaje? Njooni nami kwenye Uwanja wa Majimaji. Siku ya mechi, mashabiki wamekaa safu kwa safu, wa mbele chini, wa nyuma juu. Chukulia kwamba atomu ni uwanja, na elektroni zake ndizo mashabiki. Sasa tunapiga jiwe kwa mwale wa eksirei, ndugu wa ile inayotumika hospitali kuona mfupa uliovunjika. Mwale unamtoa shabiki wa safu ya mbele kabisa. Nafasi imebaki wazi. Unajua kitakachotokea, maana kila mtu anataka kukaa mbele: mmoja wa safu za juu anaruka kushuka. Anapotua, kishindo! Kishindo hicho, kwenye atomu, ni eksirei nyingine mpya inayotoka ndani ya jiwe.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Viwanja havifanani ngazi. Uwanja wa chuma una ngazi za urefu wake, wa stronti una ngazi za urefu wake, wa zirkoni vivyo hivyo. Kwa hiyo kishindo cha chuma hakiwezi kuwa cha stronti. Mashine inasikiliza vishindo vyote kwa pamoja, inavichambua, inahesabu: vya chuma vingapi, vya rubidi vingapi. Mwisho inakupa mchoro wenye vilele, kama milima ya Matogoro ukiitazama kutoka mjini. Kila kilele ni elementi moja. Kilele kikiwa kirefu, elementi ipo kwa wingi.

Aliyetufungulia mlango huu ni kijana Mwingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 alionyesha kwamba kila elementi ina eksirei zake, zinazopanda kwa mpangilio kadiri namba ya atomu inavyopanda. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, akiwa na umri wa miaka 27. Huwa nafikiri sana juu ya kijana huyo. Hakuishi kuona kwamba siku moja kazi yake ingetumika kumuuliza mwindaji wa kale wa Afrika njia aliyopita.

Mashine yenyewe msidhani ni kitu cha ajabu kisichowahi kufika kwetu. Kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, mchimbaji akipeleka dhahabu, usafi wake hupimwa kwa mbinu hii hii. Zipo kubwa za maabara, zipo ndogo za kushika mkononi zinazofanana na drili ya fundi. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametumia mbinu hii miaka mingi kupima udongo na vyakula, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina maabara zake Arusha.

Najua kuna anayeuliza: je, si hatari? Huku kwetu tukisikia neno mionzi tunafikiria urani ya Namtumbo. Ni haki kuuliza. Katika mashine za kawaida za siku hizi, eksirei hutoka kwenye mrija wa umeme. Ukizima umeme, mionzi imekwisha, kama taa. Anayeitumia hujikinga na hufuata taratibu, lakini jiwe lenyewe halibaki na mionzi, unalishika kama ulivyolishika jana. Wala halitobolewi wala halikatwi. Zana ya miaka elfu nyingi inaingia ikiwa nzima na inatoka ikiwa nzima. Mawe ya kawaida kutoka milimani, yale ya kulinganishia, hayo mara nyingi husagwa yakawa unga laini, yakachanganywa na kitu kama nta, yakashindiliwa yakawa kidonge, kwa sababu unga hutoa majibu yenye uhakika zaidi. Lakini zana ya kale haisagwi.

Na jingine, maana naulizwa kila mara: je, mashine inatwambia jiwe lina miaka mingapi? Hapana. Narudia, hapana. Inatwambia jiwe limetengenezwa na nini. Umri hutafutwa kwa njia nyingine, kwa mkaa uliozikwa pamoja na zana, kwa chembe za mchanga zilizoifunika, kwa majivu ya volkano. Hii mashine ni ya kuuliza kwao wapi, si ya kuuliza lini.

Sasa tuone imefanya nini. Mahali ilipong'ara zaidi katika Afrika Mashariki ni kwenye jiwe linaloitwa obsidiani. Ni kioo cha volkano, jeusi, linalong'aa, lenye makali ya wembe. Bonde la Ufa la Kenya, kuzunguka Naivasha, lina vyanzo vyake vingi, na uzuri wa obsidiani ni kwamba kila mmwagiko wa volkano una mchanganyiko wake. Harry Merrick na Frank Brown walikusanya obsidiani ya chanzo baada ya chanzo, wakapima elementi zake, na mwaka 1984 wakatoa kazi iliyotuwezesha kusema: kipande hiki kimetoka kilima kile.

Wakaja kwenye zana za Tanzania. Pango la Mumba liko karibu na Ziwa Eyasi. Ndani yake, kati ya maelfu ya vipande vya kwatzi, kulikuwa na vipande vichache vya obsidiani, vya Zama za Mawe za Kati. Vimetoka wapi? Eneo la Naivasha, zaidi ya kilomita 300! Mnaosafiri na mabasi mnaujua umbali huo. Ni kama kutoka hapa Songea mpaka Makambako. Kupita Njombe, kwa baridi ile. Kwa miguu! Na kipande chenyewe kidogo kama kucha.

Sasa jiulizeni, nani alikibeba? Mtu mmoja alitembea safari yote? Au kilipita mkono kwa mkono, huyu akampa shemeji yake, shemeji akampa mwenzake wa bonde la pili, mpaka kikafika Eyasi? Mashine haijibu hilo. Mimi binafsi naamini kilipita mikononi, kwa sababu sioni mtu akivuka nchi za watu asiowajua kwa ajili ya kipande kama kucha. Na kama kilipita mikononi, basi kulikuwa na kujuana. Kulikuwa na kupokeana.

Huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Smithsonian ya Marekani walitangaza mwaka 2018 kwamba kiasi cha miaka 300,000 iliyopita watu wa pale walikuwa na obsidiani kutoka vyanzo vilivyo kilomita 25 hadi 90. Kabla yao, watu wa pale walitengeneza zana zao karibu zote kwa mawe ya jirani. Kitu kilibadilika. Watu walianza kuwa na watu wa mbali.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnasema, bwana wee, hayo ya Naivasha, sisi na Songea yetu je?

Nchi yetu hii ya kusini si tupu. Mnaopanda basi kwenda Dar es Salaam, kabla tu ya mji wa Iringa kuna Isimila, penye mashoka makubwa ya mawe ya Zama za Mawe za Mwanzo. Siku mkiwa na nafasi teremkeni mkapaone. Huko huko Iringa kuna Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa, na juu ya kaburi kuna pango lenye zana za mawe. Kusini zaidi, upande huu huu wa Ziwa Nyasa, kule Msumbiji, kuna pango la Ngalue. Humo, juu ya zana za mawe za kiasi cha miaka 105,000, mtafiti Julio Mercader alikuta punje za wanga wa mtama mwitu, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2009. Ziwa ni lile lile tunalokula samaki wake.

Lakini lazima niwaambie ukweli kuhusu ugumu. Kwatzi letu ni jiwe gumu kuliuliza. Obsidiani inasema kwa sauti. Kwatzi linanong'ona, kwa sababu ni karibu silika tupu, vile vitu vidogo vya kulitambulisha ni haba mno, na mashine inaweza isivisikie kabisa. Zaidi ya hapo, kilima kimoja kinaweza kuwa na sura nyingi. Kule Olduvai, watu wa kale walitumia sana mawe ya kilima cha Naibor Soit. Watafiti wamelazimika kurudi kilimani hapo na kuchukua sampuli nyingi, huku na kule, kwa sababu upande mmoja wa kilima si lazima ufanane na upande wa pili. Ukichukua jiwe moja ukasema hili ndilo Naibor Soit, utakuwa umekutana na mtoto mmoja ukadhani umeijua familia.

Kuna na mitego mingine midogo. Jiwe lililozikwa muda mrefu hupata ganda la kutu ya ardhi, na mashine ikisoma ganda imesoma udongo, haikusoma jiwe. Lazima lioshwe vizuri na kuchaguliwa sehemu safi. Kipande kikiwa chembamba sana, baadhi ya mionzi hupita tu, hesabu inapungua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Songea haianzi na zana. Naomba mlishike hili. Inaanza na mawe ya kawaida, mawe yasiyo na mwenyewe. Huwezi kumwita mtu mgeni kama huwajui wenyeji. Ili mtafiti aseme zana hii imeletwa kutoka mbali, lazima kwanza awe amepima mawe ya Matogoro, unakochimbuka Ruvuma. Awe amepima kokoto za Luhira. Awe amepima miamba ya Mbinga, na ya mabonde yenye makaa ya mawe kule Ngaka, na ya kuelekea Namtumbo na Tunduru, na ya kushuka Mbamba Bay. Sampuli kwa sampuli, kila moja na jina la mahali na namba zake za ramani. Ni daftari la wenyeji. Bila daftari hilo, mashine ya mamilioni itakupa vilele vizuri kwenye karatasi na hutajua vinasema nini. Daftari la Naivasha, Merrick na Brown waliliandika kwa miguu yao, na ndiyo sababu kipande kama kucha cha Eyasi kiliweza kutambuliwa. La kwetu linataka miguu vilevile.

Na hapo, wapendwa, nina jambo la kukiri. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, kwenye shamba la mama karibu na mto, niliokota vijiwe vyeupe vilivyokuwa vimekaa pamoja, vingi, vidogo, vyote vikali, mahali pamoja penye upana wa mkeka. Niliona ni vizuri. Nikavijaza mfukoni, nikavipeleka nyumbani, nikavichezea, nikavitupa kwenye kifusi cha matofali. Leo nikikumbuka nahisi uchungu kifuani. Inawezekana pale alikaa mtu akichonga kisu chake. Labda pangeonekana hata alipoweka miguu. Vijiwe vyenyewe huenda vipo bado kwenye kile kifusi, na ukivipeleka maabara vitatoa elementi zake kama kawaida. Lakini vimetoka wapi shambani, kina gani, pamoja na nini? Mimi ndiye niliyefuta.

Ndiyo maana nawaomba. Ukiona vijiwe vikali vimekaa kundi mahali pamoja, viache. Viache hapo hapo. Piga picha kwa simu, weka kitu pembeni, hata sarafu, ili ukubwa uonekane. Kumbuka mti, njia, shamba la nani. Kisha mwambie mtendaji wa kijiji, au fika pale Makumbusho ya Majimaji, Mahenge ya hapa Songea. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na inakataza kuchimba na kuhamisha vitu hivi bila kibali, lakini mimi sikuombi kwa sababu ya sheria. Nakuomba kwa sababu jiwe likishahamishwa limenyamazishwa nusu.

Na wazee wangu, nina ombi la pekee kwenu kabla muda haujaniishia. Kwa Kingoni jiwe tunasema liganga, mengi ni maganga. Mnajua vilima vyenye majina ya mawe. Mnajua wapi mababu walikuwa wakichukua jiwe la kunolea, wapi la kusagia, wapi jiwe jeupe linatoka likiwa kubwa kama tembo na wapi ni kokoto tu za mto. Mtafiti akija na mashine yake hatajua aanzie kilima gani. Nyinyi mnajua. Mwenye jina la kilima, kwa Kingoni, kwa Kimatengo, kwa Kindendeule, kwa Kiyao, atuandikie au amtume mjukuu apige simu hapa studio. Tuambieni jina la kilima, rangi ya jiwe lake, na mababu walilifanyia nini. Tutayasoma yote hewani Jumamosi ijayo, saa hii hii, kilima kwa kilima.

Usiku mwema.